Jina la Nyumba Halina Kufuli

Mzazi akishajua kwamba mtoto wake anachukua pesa, kitu cha kwanza anachokimbilia ni kufuli. Hushuka mtaa wa Langoni akanunua kufuli zuri la shaba, akalipiga kwenye kabati la chumbani, usiku huo akalala vizuri. Wiki tatu baadaye mwenye duka humsimamisha kichochoroni baada ya sala ya Ijumaa, akamwambia kwa adabu zote kwamba hesabu imefika elfu sita na mia tatu. Sigara, soda, kadi za simu, maziwa ya "mama kanituma". Kabati halijaguswa.

Kufuli lina kazi yake, nitalifikia. Ila kwetu Amu (Lamu), na Malindi ni vivyo hivyo, pesa ya nyumba haitoki sana kwenye droo. Hutoka kwenye jina. Mtoto wa fulani hukopeshwa kwa sababu ya fulani, na fulani hulipa ili nyumba isisemwe. Kwa hiyo nitaanza na jina, niende kwenye simu, halafu karatasi, na vitu vya ndani vitafuata nyuma. Hata hasara kwa kawaida hupangika hivyo.

Nazungumzia mtoto ambaye mambo yake yameshajulikana: anaiba, anadanganya kwa pesa, anabeti, au anakula unga (heroini). Wa miaka tisa aliyechukua shilingi ishirini za barafu hayumo humu. Huyo aongeleshwe, arudishe, yaishe.

Sheria kwanza, maana wengi huogopa kitu ambacho hakipo. Mtoto akishatimiza miaka 18, deni lake ni lake. Mwenye duka, mwenye pikipiki wala mtu wa mkopo wa simu hana haki ya kukudai wewe mzazi, isipokuwa uliweka sahihi ya udhamini. Chini ya 18 ndiyo kabisa, maana mikataba mingi ya mtoto haimfungi hata yeye mwenyewe. Kinachokulipisha ni aibu, na aliyekopesha anaijua aibu yako kuliko anavyoijua sheria.

Keti uandike kila mahali ambapo jina lako ni pesa. Duka la vyakula. Duka la dawa. Mwenye gesi. Anayeuza mafuta ya boti pale jeti. Wakala wa M-Pesa. Mkahawa wa chai. Fundi. Jamaa wa Mpeketoni, jamaa wa Mombasa, shangazi wa Maskati. Orodha ya nyumba ya kawaida haipungui majina kumi na tano. Kila mmoja apate ujumbe wa maandishi, maana maneno ya mdomo hayafiki kwa yule mpwa anayeachiwa duka baada ya alasiri, na mtoto wako anajua saa ambazo mpwa yuko peke yake. Ujumbe uwe mfupi:

"Asalam aleikum ami. Kuanzia leo mtu yeyote wa nyumbani kwangu akija kuchukua kitu kwa deni, hata akisema nimemtuma, usimpe mpaka unipigie mimi au mke wangu kwa nambari hii. La zamani nitumie hesabu, nitalilipa lote kabla ya mwisho wa mwezi. Deni jipya ambalo hukunipigia sitalilipa. Ahsante kwa kunisitiri."

Mtoto hakutajwa. "Mtu yeyote wa nyumbani" inamwachia heshima yake, na dada zake nao wanaingia chini ya kanuni ileile, kwa hiyo hakuna wa kumtumia dada kama njia ya pembeni. Deni la zamani limekubaliwa, basi mwenye duka hana kinyongo. Na la mbele limekatwa.

Mpango huu huvunjikia mahali pamoja: deni la kwanza baada ya ujumbe. Litakuja. Litakuwa dogo, mia nane hivi, na mwenye duka atacheka akisema "nilimwonea huruma". Ukililipa hilo, ujumbe wako umegeuka pambo, na mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Mkatalie kwa upole, mwonyeshe ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, uondoke. Uwe umejiandaa kupoteza salamu zake kwa wiki mbili.

Jamaa wa ng'ambo wanahitaji kanuni yao. Simu anayopigiwa shangazi wa Maskati au Jeddah mara nyingi ni ile ile: mama kaanguka, tuko hospitali, daktari anataka elfu kumi na tano ya vipimo sasa hivi. Shangazi hulia, hutuma. Kubalianeni kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo mambo mawili tu. Pesa ya hospitali hulipwa moja kwa moja kwenye paybill ya hospitali, kwa nambari ya mgonjwa, haipiti kwa mtu. Na hakuna anayetuma kabla ya kuzungumza na mmoja kati ya watu wawili waliochaguliwa na ukoo. Ujumbe wa sauti hautoshi. Mtoto anaweza kuwa na sauti ya mama ya mwaka jana kwenye simu yake. Mtakuta jamaa mmoja mwenye moyo mwepesi atakayevunja kanuni. Huyo abebe hasara yake mwenyewe, asije kugawana na ukoo.

Udhamini ni mfupi: usidhamini. Pikipiki ya mkopo, mkopo wa sako, mashine ya kinyozi, yote huja na karatasi inayoomba kitambulisho chako. Ukishindwa kabisa kukataa, weka sahihi kwa kiasi ambacho ungekitoa sadaka leo bila kukitafuta tena, na kiasi hicho kiandikwe kwenye fomu kwa tarakimu na kwa maneno.

Simu ya mama

Nyumba nyingi hufikiri benki yao iko benki. Iko kwenye mkoba wa mama. Na namba ya siri ya M-Pesa mtoto aliijua tangu ana miaka kumi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mama ujumbe na kumtumia pesa.

Badilisha namba hiyo leo, kwa *334# au kwenye menyu ya M-Pesa. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za mwisho za kitambulisho. Halafu tenganisha simu na kitambulisho. Hili watu hulipuuza: namba ya siri huweza kuwekwa upya na mtu aliyeshika laini na kujua nambari ya kitambulisho, kwa hiyo mkoba wenye vyote viwili ni mlango wenye ufunguo ndani yake. Kama simu ni ya kugusa, ingia kwenye mipangilio uhesabu alama za vidole zilizosajiliwa. Mama ana vidole kumi lakini simu yake inafaa kujua kimoja au viwili; ukikuta vinne, futa vyote uanze upya mtoto akiwa hayupo.

Kwa mama asiyesoma vizuri, dawa iliyo bora ni laini mbili. Ile nambari ya zamani, inayojulikana na ukoo mzima, ibaki ya kupigiwa tu, bila salio. Laini mpya ya pesa iwekwe kwenye kabambe, zile simu ndogo za tochi tunazoziita mulika mwizi (jina limewafaa), na hiyo isitoke chumbani. Nambari yake wapewe wachache: mume, binti mmoja, shangazi wa Maskati.

Ujumbe wa M-Pesa hufutwa, kwa hiyo kusoma ujumbe hakukuambii kitu. Stetimenti haifutiki. Iombe kwa programu ya M-Pesa au kwa *334#, kila Ijumaa, uisome mstari kwa mstari ukitafuta mambo haya: viwango vidogo vinavyojirudia vya 50 na 100, paybill za kampuni za kubeti, salio la simu lililonunuliwa kwa nambari usiyoijua, na neno Fuliza.

Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha, yataka kuelezwa, maana ndiyo inayowachanganya wazee. Mtoto akishika simu isiyo na shilingi, bado anaweza kulipa kwa till au kumtumia rafiki yake, na Fuliza itajazia. Mama haoni kitu kimepungua, kwa sababu hakikuwepo. Wiki ijayo binti yake anamtumia elfu tano, Fuliza inakata chake kwanza, na mama anaanza kumshuku binti kwamba ametuma pungufu. Lipa inayodaiwa, kisha ingia *234# ujiondoe kwenye huduma. Angalia na mikopo mingine ya simu pia, M-Shwari na KCB M-Pesa. Mkopo wa M-Shwari una ada yake, na usipolipwa ni jina la mama linalopelekwa CRB, kampuni zinazoweka kumbukumbu za wanaodaiwa. Hustler Fund, mkopo wa serikali, iko *254#. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kampuni ya CRB. Ukiomba ya mama utaona mikopo ambayo hakuna aliyekuambia habari zake.

Kisha laini yenyewe. *106# hukuonyesha nambari za mtandao wako zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwao ikaondolewe. *100*100# huzuia laini yako isibadilishwe na wakala wa mtaani, mpaka wewe mwenyewe ufike duka la Safaricom. Ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, yenye PUK, usiiache kwenye droo ya televisheni. Mtu akikosea PUK mara kumi, laini imekufa.

Wakala wa M-Pesa naye apate ule ujumbe wa juu, na sentensi moja zaidi: asitoe pesa kwa simu yangu mpaka anione mimi na kitambulisho changu. Kanuni yenyewe ndivyo inavyosema, lakini mtaani kitambulisho hakiulizwi mtoto wa jirani.

Kwa wa miaka 10 hadi 17 kuna M-Pesa Go, ambayo mzazi huisajili na kuona matumizi. Inamfaa mtoto mzembe. Mwizi hana haja nayo, ataendelea na simu yako.

Akaunti uliyofunguliwa na yeye

Nani aliyekufungulia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali? Nyumba nyingi jibu ni mtoto yule yule. Alikuwa ndiye mjuzi wa kompyuta, akakaa na baba saibani (duka la kompyuta) siku moja, akaweka barua pepe yake mwenyewe kwa sababu baba hakuwa nayo, na neno la siri alilichagua yeye. Humo ndani mna leseni, mambo ya kodi ya KRA, na uhamisho wa gari au pikipiki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri. Mwenye barua pepe ya kurudishia neno la siri ndiye mwenye akaunti, hata kama jina ni la baba.

Mtafute mtu mmoja mnayemwamini, asiwe rafiki wa mtoto, mkae naye saa mbili. Fungua barua pepe mpya kwa jina la mzazi. Ingia eCitizen, badilisha barua pepe kwanza, kisha nambari ya simu, na neno la siri mwisho. Utaratibu huo una sababu: ukianza na neno la siri, taarifa ya mabadiliko inamfikia mtoto kwenye barua pepe ya zamani, naye analirudisha kabla hamjamaliza chai. Fanya hivyo hivyo kwa iTax, tovuti ya kodi, na kwa programu ya benki. Andika maneno ya siri kwenye karatasi moja, ikakae nyumba nyingine.

Hati ya shamba au nyumba, kama ipo, isikae ndani ya nyumba. Wakili au benki. Nakala za kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA na picha za pasipoti, vikikusanywa pamoja, ndivyo vinavyotakiwa kuanzisha uhamisho wa ardhi, na katika nyumba zetu hulala bahasha moja na hati. Zitenganishe. Nyumba ya ndoa haiuziki bila ridhaa ya mke na mume, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, basi andikeni majina yote mawili kwenye hati ili ofisi ya ardhi isipate la kutafsiri. Fanya sachi, yaani uliza ofisi ya ardhi hati iko kwa jina la nani, mara mbili kwa mwaka.

Na kuna ardhi nyingi huku isiyo na hati, inayouzwa kwa karatasi ya makubaliano na mashahidi watatu. Hii ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu mnunuzi hahitaji kudanganywa sana. Waandikie chifu, mzee wa mtaa na majirani wa pande nne kwamba shamba haliuzwi na anayelionyesha hakutumwa. Hati ya wakala, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yako, usimpe mtoto huyu hata ukiwa unasafiri kwenda Hija.

Ndani ya nyumba

Dhahabu hupotea kwa njia mbili. Kipande kinaondoka, au kipande kipo lakini si kile. Ya pili huchukua mwaka kugundulika, mara nyingi siku ya harusi.

Chukua vyote kwa sonara unayemwamini. Kila kipande kipimwe kwa gramu mpaka nukta moja, kiandikwe karati zake, na kipigwe picha kikiwa juu ya mizani, namba zikionekana. Orodha hiyo ikae kwa dada yako. Kisha nunua mizani ndogo ya mfukoni, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na kila miezi sita upime upya nyumbani. Kikuku cha karati 22 kilichokuwa gramu 14.2 kikisoma gramu 7, usijiulize mara mbili: shaba ya saizi ileile ina uzito wa karibu nusu ya dhahabu hiyo. Sumaku haikusaidii, maana haivuti shaba wala dhahabu. Rangi nayo ndiyo iliyokudanganya tangu mwanzo. Masonara wa mji huu si wengi. Wape picha, uwaombe wakupigie kabla ya kununua. Wahi, kwa sababu dhahabu iliyouzwa asubuhi huweza kuwa imeyeyushwa kabla ya adhuhuri.

Sasa kufuli. Kasha la kale lina droo ya siri, na kila mtoto aliyekua nalo anajua iliko. Hiyo si siri tena. Kwenye kasha au kabati, usitazame kufuli, tazama bawaba. Kama skrubu zake ziko nje, mwenye bisibisi huzifungua kwa dakika chache, akachukua anachotaka, akazirudisha, na kufuli likabaki limefungwa vile vile. Weka bolti zinazopita mbao na kufungwa nati ndani, pale kwenye bawaba na pale kwenye chuma kinachopokea kufuli. Kufuli likija na funguo mbili, ya pili ndiyo itakayopotea. Itoe nyumbani siku hiyo hiyo. Ya kwanza ivaliwe shingoni. Chini ya mto ni kwa kila mtu.

Sahani za kale, mrashi, birika za shaba: ziorodheshe na uzipige picha, nyuma na mbele. Kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kwa hiyo picha inakupa pa kuanzia iwapo dalali amekishika. Mtungi wa gesi uchore alama chini. Mashine ya boti, andika nambari yake, ipe BMU yako (kamati ya wavuvi wa ufuo) nakala, na usiiache kwenye dau usiku. Simu zote za nyumbani, piga *#06# uandike nambari inayotokea.

Kabla ya kumtuhumu mtu yeyote, hesabu. Katika nyumba nyingi anayefukuzwa kwanza ni msichana wa kazi, na wizi unaendelea baada ya yeye kuondoka. Wiki tatu, watu wawili wahesabu pesa iliyomo ndani kila jioni, waandike, waweke sahihi. Noti za elfu zipigwe picha, nambari zionekane. Kama una duka, ni hivyo hivyo: gunia la sukari la kilo 50 linatoa pakiti 200 za robo, zikipungua mbili tatu ni mwaga na mizani, zikipungua kumi na tano ni mtu. Malipo ya wateja yaingie kwenye till, na nambari ya kutolea pesa iwe yako.

Karo lipa kwenye akaunti ya shule, kwa nambari ya mwanafunzi. Muda wa karo huja na "pesa ya projekti", "pesa ya safari", "pesa ya mtihani". Mpigie mhasibu wa shule kwa nambari iliyo kwenye barua ya kuitwa shuleni, isiwe nambari anayokupa mtoto. Tiketi ya basi la Mombasa ikatwe na wewe. Umeme, nunua mwenyewe kwa paybill 888880 umsomee tarakimu 20. Token haifanyi kazi kwenye mita nyingine, hakuna atakayeinunua kwake.

Akiwa anakula unga

Hapa hesabu inabadilika, kwa sababu arosto, maumivu ya kukosa unga, haisubiri mwisho wa mwezi. Anayeugua arosto atachukua kilicho karibu: sufuria, nguo iliyoanikwa, viatu vya mgeni mlangoni. Usimnyime chakula wala mahali pa kulala, lakini pesa mkononi isimfikie hata ya sabuni. Sabuni mpe.

Deni la muuzaji usililipe. Najua wanatishia, na wazazi hulipa kwa hofu. Muuzaji aliyelipwa na mzazi mara moja ameshapata mdhamini, ataongeza kiwango cha kukopesha. Akitishia, andika OB (kitabu cha matukio) polisi. Na ukifikiria kumshtaki mtoto mwenyewe, jua kwamba kesi ikishafunguliwa si yako tena. Kuifuta ni kwa idhini ya mahakama. Akiwa chini ya 18, anza kwa afisa wa watoto, au piga 116.

Hospitali ya Malindi inatoa methadone, dawa inayoshika nafasi ya unga, tangu 2015. Dawa hiyo hunywewa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku, na ni bure. Kwa hiyo akikuambia anataka pesa ya methadone, hapo hapo umeshajua. Anachohitaji ni nauli, na nauli mpe mwenye tuktuk kwa wiki nzima. Nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na mihadarati, ni 1192, simu haitozwi.

Watu wengi huuliza kuhusu mirathi wakiwa na hasira. Kwa Muislamu, wasia haumtoi mtoto kwenye mirathi: mwisho wake ni theluthi, na hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Hiba ukiwa hai inawezekana, ila itimie: utoe, apokee, umkabidhi kweli. Nyumba uliyompa binti lakini kodi unaendelea kuipokea wewe, kadhi atakuuliza imetoka lini. Uadilifu baina ya watoto nao utaulizwa, basi zungumza na kadhi kabla, si baada. Wazee wa Amu walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, na pamoja na sababu zake nyingine, nyumba iliyo mikononi mwa binti haiuzwi na kaka yake. Wakfu ni nzito zaidi, haiuzwi wala hairithiwi, kwa hiyo haifai kwa aliye na nyumba moja na haja nyingi. Kwa wengi wetu lililo rahisi ni ndugu kuanza kuweka akiba sasa, ili siku mtoto huyo akitaka kuuza fungu lake, wanunuzi wawe wao.

Kumrudishia

Sura ya An-Nisaa katika Qur'ani, aya ya 5 na ya 6, zinazungumzia jambo hili kwa mpangilio ambao naupenda: usimkabidhi mali asiye na akili nayo, mlishe, mvishe, sema naye vizuri, na mayatima wajaribiwe mpaka waonekane wameongoka katika mali. Kujaribiwa ni kitendo, kina vipimo. Kungoja mpaka moyo wa mama ulainike si kujaribiwa.

Anza na mia mbili, kitu kimoja cha kununua, chenji na risiti juu ya meza. Siku thelathini. Zikitimia bila upungufu, iwe elfu moja ya sokoni, vitu vitano, wiki nne. Halafu posho ya siku tatu kwa pamoja, kisha ya wiki. Akiteleza, ashuke daraja moja, asirudishwe mwanzo. Anayerudishwa mwanzo mara mbili haoni sababu ya kujitahidi ya tatu. Usimtegee pesa kizembe kumwona atafanya nini. Hiyo ni mitego, na akiigundua ataona kila unachompa ni mtego.

Vitatu vibaki vimefungwa hata akikaa miaka miwili hajagusa kitu: namba ya siri, eCitizen, udhamini. Hivyo huwapi hata wale watoto wengine. Mengine yafungue taratibu. Ule ujumbe wa dukani usiuondoe, lakini mwezi mmoja mtume yeye mwenyewe na pesa taslimu kwenda kulipa hesabu ya nyumba, na mwenye duka akupigie simu akishaipokea.